Vueni Viatu

Vueni viatu, nasema kila asubuhi,
na soksi, na haya ya kuonyesha vidole.
Tope halichagui mguu wa profesa.
Mimi ni Wiebke, binti Ketel, wa kilima cha tatu.
Huu ni msimu wangu wa tisa wa kuvusha watu
kutoka Hooge hadi fungu la Japsand
na kuwarudisha, wote, kwa idadi ile ile.
Hilo la mwisho ndilo kazi. Mengine ni mandhari.

Leo wako kumi na wanane.
Bwana mwenye darubini, kaipakata kama kitoto kichanga;
maharusi wa Leipzig, wanaoteleza kwa makusudi
wapate kushikana;
mama mmoja kaniuliza, bahari iko wapi?
Nikamwambia imekwenda, itarudi saa nane na dakika kumi.
Akacheka sana.

Tope la kwanza ni baridi. Linapenya kati ya vidole
kwa sauti ya mtoto anayenyonya.
Kisha mchanga mgumu, wenye mikunjo
kama kaakaa la ng'ombe.
Vile vijikamba vilivyojiviringa ni choo cha nyungunyungu,
mchanga uliooshwa tu, shikeni, haudhuru.
Jelte, miaka minane, ndiye pekee anayeshika.
Yeye kafuata kaharabu. Kila kijiwe cha njano ananiletea,
nakigonga kwenye jino: jiwe.
Kingine: jiwe.
Cha tatu: kigae cha chupa.

Geukeni mtazame nyumba zetu, nasema,
zimeketi juu ya vilima vilivyorundikwa kwa majembe.
Kuna usiku wa baridi bahari hula malisho yote,
ikabisha hodi chini ya dirisha la jikoni.
Mnafanyaje? anauliza bwana arusi.
Tunacheza karata.

Kwenye ncha ya fungu, sili arobaini hivi
wamelala kama magunia yaliyosahauliwa gatini.
Mwenye darubini anahesabu kwa mnong'ono.
Mwisho hapa, nawaambia, mbele zaidi ni ukorofi.
Nao wanatutazama. Sijui nani kamlipia nani kiingilio.

Ukungu haukutangazwa redioni.
Ulimeza sili, ukameza mnara wa taa,
ukafika kiunoni kwa maharusi, wakaacha kucheka.
Nikapuliza pembe. Shikeni kamba. Kimya.
Maji yanayojaa hayana kishindo;
huanza na nyayo zako mwenyewe, moja moja,
kwa adabu, kama mgeni anayekaa ukingoni mwa kiti.

Hesabu kwa kugusa, baba alinifunza, macho ni waongo.
Nikagusa mabega.
Kumi na saba.
Nikarudia, bega kwa bega, ulimi umenikauka.
Kumi na saba.

Nilimkuta hatua ishirini nyuma, penye mkondo,
viatu vimening'inia shingoni,
maji yakimfika kwenye vifundo.
Alikuwa akiyatazama yanavyopita
kama mtu aliyekwenda kumpokea ndugu stesheni
na treni ikafika kweli.
Kumbe hukunitania, akasema,
na sidhani alikuwa akisema nami.
Nilimshika mkono kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.
Mpaka leo sijamwomba radhi.

Dira, mashariki. Kamba, hatua, kamba.
Maji magotini kwa wafupi; Jelte mgongoni mwangu,
vijiwe vyake vikinichoma mbavu.
Halafu mbwa wa Momme akabweka kutoka juu,
mbwa mjinga, mwizi wa mayai,
na siku ile nilitamani nimbusu pua.

Pale bombani huwa nawaoshea miguu kwa zamu.
Leo sikumwachia mtu.
Miguu thelathini na sita, nikaihesabu yote,
yenye sugu, yenye rangi ya kucha,
mmoja una kovu refu ambalo sikuliuliza.
Jelte akaleta kijiwe. Nikakigonga.
Jiwe.

Yule mama alikuja wa mwisho, kikombe cha chai mkononi,
malisho nyuma yake yameshapakana na maji.
Na kesho inaondoka saa ngapi?
Kesho itachelewa, nikamwambia,
dakika hamsini hivi.
Akaandika kwenye kiganja.